Leseni ya jumla ni nini? Sampuli za madini adimu yenye mionzi zikiingia Marekani

Mtu akitaka kutuma mawe ya monaziti (jiwe lenye madini adimu) kwenye maabara ya Marekani, swali la kwanza huwa "leseni ya kuingiza inaombwaje?" Sasa hapa wengi hushangaa, maana mara nyingi haiombwi kabisa. Kule kuna leseni za aina mbili. Leseni maalumu unajaza fomu, unalipa, unasubiri jina lako litoke kwenye karatasi. Leseni ya jumla imeshatolewa ndani ya kanuni yenyewe, ukitimiza masharti basi unayo, hata kama hujawahi kuandika barua Tume ya Kudhibiti Nyuklia, NRC. Na ya kuingiza mzigo iko hivyo hivyo, sharti lake kubwa ni kwamba anayepokea awe anaruhusiwa kisheria kukaa na huo mzigo, iwe kwa leseni yake au kwa msamaha. Kwa hiyo usianze na bandari wala uwanja wa ndege, anza na mpokeaji.

Kwa nini madini adimu yanaingizwa kwenye mambo ya nyuklia? Seriamu na neodimiamu, ambazo ndizo madini adimu yenyewe, hazina shida, shida ni thoriamu na urani, zenye mionzi, zinazokaa nazo ndani ya jiwe moja, na monaziti ndiyo sugu, thoriamu yake inaweza kufika asilimia kadhaa. Bastnazaiti, jiwe jingine la madini adimu, kwa kawaida ina kidogo sana.

Kanuni zinaangalia asilimia kwa uzito. Chini ya 0.05% ya urani na thoriamu kwa pamoja, jiwe lako halina habari na NRC. Bidhaa na michanganyiko ya madini adimu imepewa nafasi zaidi, hadi 0.25%. Halafu kuna msamaha wa mawe ghafi: jiwe likiwa kama lilivyotoka ardhini yeyote anaweza kukaa nalo, hata mkusanyaji wa mawe nyumbani, ila asilichakate. Ukilisaga, ukalichoma au ukalichenjua, msamaha umeisha. Ila kuandaa sampuli kwa ajili ya kupima maabara hakuhesabiwi kuwa ni kuchakata, na watu wengi sehemu hii wanairuka kabisa.

Ikiwa ni makinikia, yaani monaziti iliyokwisha kutenganishwa na mchanga, hapo unaangukia leseni ya jumla ya kiasi kidogo. Hii ni ya makampuni, vyuo, hospitali na ofisi za serikali, mtu binafsi hayumo. Kwa unga wa kawaida kikomo ni kilo 1.5 za urani na thoriamu kwa wakati mmoja na kilo 7 kwa mwaka, na maabara inayopima kiwango cha hizo mbili inaruhusiwa kilo 7 kwa wakati mmoja, 70 kwa mwaka. Angalia vizuri, hizo ni kilo za urani na thoriamu, siyo za mzigo mzima. Kilo 10 za makinikia yenye thoriamu 6% zina thoriamu gramu 600 tu, bado uko ndani.

Kusafirisha ni kanuni nyingine kabisa na hapa ndipo mizigo inakwama. Mawe ya asili yakizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 10 kwa gramu (kwa thoriamu ni kama 0.25% hivi) yanahesabiwa mzigo wa mionzi, daraja la 7, kwa hiyo jiwe linaweza kuwa huru kabisa kwa NRC na bado shirika la ndege likalikataa kaunta. Kipande kidogo kinaweza kwenda kama kifurushi cha msamaha, namba yake ya kimataifa ni UN2910, ilimradi mionzi juu ya boksi isizidi mikrosiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 5 kwa saa. Anayetuma kutoka Tanzania naye ana upande wake, kibali cha Tume ya Madini na vipimo vya TAEC, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, kabla hata boksi halijafungwa.

Na muulize mpokeaji yuko jimbo gani. Texas na Colorado, kwa mfano, zinasimamia mambo haya zenyewe badala ya NRC, kwa hiyo namba ya leseni atakayokupa itakuwa ya jimbo.