Kwa nini kastadi ya boga huokwa ikiwa imekaa ndani ya maji?

Mtazame mtu aliyezoea kuoka kastadi ya boga. Anapanga vikombe vyake vya kuokea kwenye trei yenye kingo ndefu, anavijaza mchanganyiko mzito wa rangi ya dhahabu, halafu anachukua birika na kumimina maji ya moto kwenye trei hadi yafike nusu ya kimo cha vikombe. Trei nzima, pamoja na maji yake, inaingia kwenye oveni. Kwa anayeona kwa mara ya kwanza ni jambo la kushangaza: unataka chakula kigande, mbona unakizungushia maji?

Jibu limo ndani ya yai.

Kastadi ya boga ni boga lililopondwa, maziwa, sukari na mayai, na katika hivyo vyote kinachoishikilia hasa ni yai. Katika yai bichi, protini zimejikunja kama vifundo vidogo vya uzi, kila kifundo kikielea peke yake. Zikipata joto, vifundo vinafumuka, nyuzi zinanyooka, kisha zinashikana hapa na pale mpaka unapatikana wavu. Wavu huo ndio unaonasa maji, mafuta na sukari na kuvizuia visitiririke. Tupige hesabu kidogo. Mayai 3 na kiini 1 cha ziada yana protini kama gramu 22 tu, na gramu hizo 22 ndizo zinazosimamisha mchanganyiko wa karibu kilo nzima. Ni wavu mwembamba mno, na ndiyo sababu kastadi nzuri huyeyuka mdomoni. Ndiyo sababu pia huharibika upesi.

Ute wa yai huanza kushikana kwenye nyuzijoto 62 hivi za Selsiasi, na kiini kati ya 65 na 70. Yai lililopigwa bila kuchanganywa na kitu, likifika 73, limeshaganda. Ukilichanganya na maziwa na boga, protini zinatawanyika na kuwa mbali mbali, na sukari inazichelewesha kufumuka. Kwa hiyo kastadi huganda kati ya nyuzi 78 na 85. Ukipitisha hapo kidogo tu, wavu unaanza kujikaza. Nyuzi za protini zinavutana, matundu yanabana, na maji yaliyokuwa yamenaswa yanatoka kama ya nguo inayokamuliwa. Niliwahi kuisahau kastadi yangu kwa dakika 15 zaidi ya ilivyotakiwa. Nilipoingiza kijiko, pembeni ilikuwa na vitundu kama vya sponji, na chini ya kikombe palikuwa na maji ya manjano yaliyotuama peke yake. Viungo vilikuwa vilevile na vipimo vilevile, ila ulimini ilikuwa kama yai lililovurugwa.

Sasa turudi kwenye trei. Oveni umeiweka nyuzi 160, yaani karibu mara mbili ya joto ambalo kastadi inalihitaji. Kikombe kikikaa humo bila maji, ukuta wake unapata moto haraka, na kastadi iliyogusana na ukuta inapita 90 huku ya katikati ikiwa bado ni supu. Ukingoja katikati igande, pembeni imeshakatika. Maji yanazuia hilo kwa sababu hayawezi kupita nyuzi 100, hata oveni ikiwa na moto wa kuchoma mkate. Tena kwenye trei iliyo wazi hata hizo 100 hayafiki. Mara nyingi hubaki kati ya 80 na 90. Kugeuza gramu 1 ya maji kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara 5 ya lile linaloipandisha gramu hiyohiyo kutoka nyuzi 0 hadi 100. Kila mvuke unaoinuka kwenye trei unaondoka na sehemu ya joto, kama jasho linavyoupoza mwili. Oveni inazidi kuyapasha, maji yanazidi kuvukiza, na kastadi inabaki imezungukwa na joto linalokaribia sana lile inalolitaka.

Ndiyo maana siafiki ushauri wa kuifunika trei nzima kwa foili. Ukiiziba, mvuke unakosa pa kutokea, maji yanafikia kuchemka, na sehemu kubwa ya ile faida imekwenda. Kama unaogopa sehemu ya juu kufanya utando, funika kila kikombe kwa kipande chake cha foili kilicholegea, uache maji yapumue. Tandika pia kitambaa kilichokunjwa chini ya vikombe kabla ya kumimina maji. Sakafu ya trei ni chuma kilichoshika moto wa oveni moja kwa moja, na kikombe kinachokaa juu yake huanza kuungulia chini. Na maji yawe ya moto tangu mwanzo, la sivyo oveni itapoteza nusu saa ikiyapasha.

Kujua kama imeiva, wengi huchoma kisu katikati wakaangalia kama kinatoka kikavu. Kinapotoka kikavu katikati, mara nyingi umeshachelewa. Mimi huligusa tu pembe la trei nikaangalia vikombe vinavyotikisika. Kastadi mbichi hufanya wimbi, yaani uso wote unasogea kwenda upande mmoja na kurudi, kama maji kwenye beseni. Iliyo tayari imetulia pembeni, na katikati panabaki duara dogo, upana wa sarafu, linalotetemeka kama jeli. Duara hilo litaganda lenyewe nje ya oveni, kwa kuwa joto lililo pembeni linaendelea kuingia ndani. Viondoe vikombe kwenye maji mara moja, vinginevyo vitaendelea kuiva pale pale mezani. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 80 au 82 katikati.

Maji ya trei ni rafiki. Maji ya boga ndiyo ya kuangaliwa.

Maboga yamelimwa na binadamu tangu miaka 10,000 hivi iliyopita, kule Meksiko, na aina nyingi tunazozijua leo zina asili yake katika mabara ya Amerika. Kwa uzito, boga ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na mengine hukaribia 90 au kupita. Ukilichemsha kwenye sufuria unapoteza sukari yake kwenye maji ya kuchemshia, halafu unabaki na rojo jepesi litakaloulemea ule wavu wa gramu 22. Kwa hiyo likate nusu, litoe mbegu, lipake mafuta kidogo, uliweke kwenye trei upande uliokatwa ukiwa chini na kulioka kwa nyuzi 200 mpaka kidole kikizama bila kukinzwa. Maji yanapungua, na sehemu iliyogusana na trei inapata rangi ya kahawia na harufu ya sukari iliyoungua kidogo. Hapo usilikimbilie na blenda. Lipakue kwenye kitambaa safi kilichotandazwa kwenye chujio na uliache saa nzima. Inashangaza jinsi bakuli la chini linavyokusanya maji kutoka kwenye kitu ulichodhani ni kikavu. Kisha lipitishe kwenye chekeche, kwa maana nyuzinyuzi za boga mdomoni zinaondoa ule ulaini ambao ndio hasa tunautafuta.

Umri wa boga nao una maana. Maboga mengi yenye ganda gumu huvunwa yakiwa na wanga mwingi, na yakikaa wiki kadhaa mahali pakavu penye hewa, vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, hugeuza sehemu ya wanga huo kuwa sukari. Wanga unaobaki nao una kazi. Unapopikwa huvimba, ukajipenyeza kati ya nyuzi za protini na kuzizuia zisikumbatiane kupita kiasi. Hii ndiyo sababu kastadi ya boga husamehe makosa zaidi kidogo kuliko kastadi ya maziwa matupu. Msamaha huo usikufanye uache trei ya maji.

Vipimo ninavyovitumia ni hivi: rojo la boga lililokwisha kuchujwa gramu 400, mayai 3 na kiini 1, maziwa na krimu kwa pamoja mililita 350, sukari gramu 120, chumvi nusu kijiko cha chai, na viungo kama mdalasini, tangawizi na kungumanga kwa kadiri unavyopenda. Vinatosha vikombe 6 au 7 vya mililita 150. Pasha maziwa mpaka yaanze kutoa mvuke, kisha yamimine kidogo kidogo kwenye mayai uliyochanganya na sukari, huku ukikoroga. Ukiyamwaga yote kwa mpigo, yai la kwanza kuguswa litaiva palepale na kuacha mabonge. Ongeza boga na viungo mwishoni. Koroga taratibu wala usipige, kwa sababu kila povu unalolitia hapa litakuwa tundu baadaye. Dakika 35 hadi 45 kwa nyuzi 160 hutosha, lakini yaamini macho yako kuliko saa.

Sasa matunda. Kwa nini yawe pembeni, yasichanganywe humo humo?

Kwanza ni ladha yenyewe. Boga halina uchachu wa maana. Ukiliongezea sukari, krimu na kiini cha yai, unapata utamu wa duara usio na pembe, na baada ya vijiko vinne ulimi unachoka. Tunda lenye uchachu linauamsha. Lakini uchachu huohuo ukiingia kwenye mchanganyiko mbichi unaleta balaa. Asidi huondoa ile chaji ya umeme inayozifanya protini zikimbiane, zikaanza kushikana mapema na kwa mabonge. Maziwa yanakatika kabla ya oveni kupata moto. Tunda linalotoa maji mengi nalo linaongeza yale maji tuliyohangaika kuyaondoa kwenye boga.

Pili kuna matunda yenye silaha yake. Nanasi, papai, kiwi na tini mbichi zina vimeng'enya vinavyokata protini, na wavu wetu ni wa protini tupu. Panga vipande vya kiwi mbichi juu ya kastadi uiache friji kwa saa kadhaa: uso utalegea na kuwa majimaji, na mara nyingi utaonja uchungu unaotokana na protini za maziwa zilizokatwakatwa. Dawa yake ni moto, maana vimeng'enya navyo ni protini na vikichemshwa vinaharibika. Nanasi lililopikwa halina madhara.

Ninalolipenda kuliko yote ni matofaa au mapea yaliyokatwa vipande vidogo, yakapikwa na sukari kidogo, maji ya chungwa na kipande cha ganda lake. Yapike bila mfuniko mpaka majimaji yake yawe mazito na yang'ae. Pektini, kile kitu cha asili cha tunda kinachogandisha jamu, inasaidia kuyafanya mazito, na yakiwa mazito hayatiririki juu ya kastadi kuichimba mifereji. Tunda kavu, kama zabibu au plamu, lilowekwe kwanza kwenye maji ya matunda yaliyo moto. Likiwekwa kavu litakunywa maji ya kastadi, na kila zabibu itajichimbia kishimo chake. Yote haya yapoe kabisa kabla hayajagusana na kastadi.

Lozi, jozi, korosho na jamii yake zina tatizo la upande wa pili. Zenyewe zina maji machache sana, asilimia 5 hivi au pungufu, na ukavu huo ndio unaozipa ule mlio zinapovunjika menoni. Ukizitia kwenye kastadi kabla ya kuoka, zinafyonza maji na kutoka zikiwa laini kama zilizochemshwa. Zioke peke yake kwa nyuzi 160 hadi 170, dakika 8 mpaka 12. Kinachotokea humo ni mmenyuko ambao mwanakemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliueleza mwaka 1912: sukari na asidi amino (vipande vinavyojenga protini) zinapokutana kwenye joto hutoa rangi ya kahawia na harufu nyingi mpya. Onja punje moja kabla ya kuanza, kwa kuwa mafuta ya jozi hasa huchacha upesi, na punje chache zilizochacha zinatosha kuharibu ladha ya kikombe kizima. Jozi zikitoka zikiwa bado moto, zisugue kwenye kitambaa kikavu. Vile vigamba vyembamba vinavyobaki kwenye kitambaa ndivyo vyenye uchungu. Kisha zimwage kwenye sahani baridi, maana zikibaki kwenye trei ya moto zitaendelea kuungua.

Mbegu za boga lenyewe zisitupwe. Zioshe, zikaushe, zioke na chumvi kidogo, nazo zina mlio mzuri kuliko jozi nyingi.

Kastadi ikishapoa iingie friji ndani ya saa 2, na humo itakaa siku 3 bila wasiwasi. Usiigandishe kwenye friza, kwa kuwa barafu hukua kwa ncha zinazochana wavu, na ikiyeyuka unarudi kwenye yale maji ya manjano chini ya kikombe. Ukiandaa, teka kijiko kimoja cha matunda ukiweke juu, kisha weka lozi kwenye bakuli lake mezani, kila mtu ajinyunyizie mwenyewe akiwa ameshashika kijiko. Hapo zitakuwa bado kavu, na aliye na mzio wa jamii ya lozi hatawekewa lozi kwenye kastadi yake.