Chunjua, kansa au umri tu? Dhana potofu kuhusu vioteo vya ngozi

Shangazi yangu alikuwa na kioteo kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Rangi ya kahawa, ukubwa wa punje ya dengu, na ukikisogelea ungedhani tone la nta ya mshumaa limedondoka likagandia hapo. Upande mmoja ulikuwa umeachana na ngozi kidogo, kiasi cha kucha kupita chini yake. Na kucha ilipita kila siku, hasa akiwa na mawazo. Miaka yote alikiita chunjua. Sisi nasi tulifuata, maana kinachoota kwenye ngozi ya mtu mzima hupewa moja ya majina mawili: chunjua, au kansa.

Mara nyingi si hiki wala kile. Cha shangazi kilikuwa keratosisi ya seborea, kioteo cha kawaida kabisa kwa waliovuka miaka 40, na kwa wenye 70 kumpata asiye na hata kimoja ni kazi. Usihangaike na neno "seborea". Linahusu mafuta ya ngozi, na mafuta hayahusiki hapa; ni jina la zamani lililokosewa likabaki. Kioteo hiki kina jamaa zake: vidoti vyeusi vya mashavuni na kuzunguka macho, vinyama vinavyoning'inia shingoni na kwapani, na vidoa vyekundu vya kifuani ambavyo ni vishipa vya damu vilivyojikusanya. Vyote havina madhara. Madhara niliyoyaona yalitoka kwenye mikono ya watu.

"Vinaambukiza, usitumie taulo lake"

Chunjua huletwa na kirusi, na hiyo kweli huambukiza. Keratosisi haina kirusi. Ni seli za tabaka la juu la ngozi zilizozaliana na kurundikana baada ya jeni chache ndani yake kubadilika. Lala mto mmoja na mwenye navyo miaka 30, hutavipata kwake. Kama mama anavyo na wewe unavianza, umerithi mwelekeo tu.

Urithi huo huonekana zaidi kwenye vidoti vyeusi vya usoni. Daktari Aldo Castellani alivieleza mwaka 1925 kwa jina la dematosisi papulosa nigra. Huwapata zaidi watu weusi, wanawake kuliko wanaume, na huweza kuanza ujanani, kwa hiyo si kila mwenye navyo amezeeka. Wapo wanaoviona ni urembo, nami sina ugomvi nao.

"Ni damu chafu"

Hapana, na hakuna dawa ya kusafisha damu itakayoviondoa. Ila kwenye vinyama vya kuning'inia pana jambo la kuangalia. Huota mahali penye msuguano, na huwatoka zaidi wenye uzito mkubwa, wajawazito na wenye kisukari cha aina ya 2. Vikikujaa shingoni, na ngozi ya hapo ikawa nyeusi na nene kama mahameli, kapime sukari.

"Vina mizizi, ukikata vinageuka kansa"

Hili ndilo lililomzuia shangazi kwenda hospitali kwa miaka mingi, na nimelisikia hata kwa watu waliosoma.

Keratosisi haina mzizi. Imekaa kwenye tabaka la juu, na daktari akishapiga ganzi huikwangua kwa kijiko chenye makali. Hutoka kama gamba la samaki. Chini hubaki ngozi nyekundu yenye unyevu, bila shimo. Wala kisu hakina uwezo wa kugeuza seli zisizo na saratani zikawa za saratani. Simulizi hizi nadhani najua zinakotoka: mtu alikatwa doa, miezi ikapita, akaambiwa ana saratani, watu wakasema kisu kimeiamsha. Ilikuwamo kabla kisu hakijafika. Kilichokosekana ni kupeleka kipande maabara. Kwa hiyo daktari akikata kitu asichokuwa na hakika nacho, muulize kama kipande kinakwenda kupimwa. Na kama anataka kukiunguza au kukigandisha, awe ameshakitambua kwanza, maana baada ya hapo hakibaki cha kupima.

"Ngozi nyeusi haipati kansa"

Huu ni uongo wa upande wa pili, na ndio unaoua. Mwaka 1977 Bob Marley aligundulika kuwa na melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36. Kwa watu weusi melanoma ni nadra, lakini ikija hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, sehemu ambazo mtu hazikagui.

Bahati nzuri, keratosisi haioti viganjani wala nyayoni. Doa jeusi jipya likitokea huko, au mstari mweusi unaozidi kupanuka kwenye ukucha mmoja, usiuite uzee. Kwingineko mwilini, shuku kioteo kinachobadilika ndani ya wiki au miezi michache, chenye rangi mbili tatu zisizolingana, au kinachotoa damu bila kuguswa. Shida ni kwamba keratosisi nayo huwasha, na ikikwaruzwa hutoka damu, hivyo kioo cha nyumbani hakitoshi; daktari wa ngozi ana lenzi yake ya kuitazama kwa karibu. Vikiibuka vingi mno kwa ghafla mwili mzima, nenda ukachunguzwe, kwani mara chache sana hali hiyo huandamana na saratani ya ndani, kama ya tumbo.

"Kitunguu saumu kinatosha"

Shangazi aliponda punje mbili, akaweka kwenye kile kioteo, akafunga plasta, akalala. Asubuhi plasta ilibanduka na malengelenge. Kioteo kilikuwa palepale, kimetulia katikati ya duara la ngozi iliyochunika. Duara lile likageuka jeusi na lilichukua karibu mwaka mzima kufifia, na hapo ndipo alipoanza kuvaa kilemba hadi kwenye nyusi, kuficha alama aliyojitia mwenyewe.

Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi kikifungiwa. Siki nayo huunguza ikiachwa. Kuhusu zile chupa za matone zinazouzwa mitandaoni, mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba hakuna hata dawa moja ya kujinunulia dukani iliyoidhinishwa kuondoa madoa na vinyama vya ngozi, na kwamba bidhaa hizo zimewaachia watu majeraha na makovu. Nyingine zina tindikali kali kabisa.

Uzi je? Kinyama chenye kikonyo chembamba kikifungwa kweli kinaweza kukauka na kudondoka. Kinaweza pia kutunga usaha, na kwenye kope usithubutu. Keratosisi haina kikonyo, utafunga nini?

"Hospitali wanagandisha tu, haliachi alama"

Inategemea ngozi. Naitrojeni ya kimiminika ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na inaua kioteo vizuri sana. Lakini seli zinazotengeneza rangi ya ngozi ni dhaifu mbele ya baridi: hufa kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, wakati seli za kioteo zinataka baridi kali zaidi. Maana yake, baridi inayotosha kuua kioteo imeshaua rangi. Kwa mtu mweupe huenda isionekane. Kwa mtu mweusi hubaki doa jeupe, wakati mwingine la kudumu, pengine baya kuliko alichokuja kuondoa.

Kwa ngozi nyeusi, madaktari wazoefu hupendelea kukwangua kwa wepesi, mkasi mdogo kwa vinyama, au umeme wa nguvu ndogo kwa vidoti vya usoni. Omba aanze na kimoja au viwili mahali pasipoonekana, mngoje wiki kadhaa muone ngozi inavyopona. Kama makovu yako huvimba na kukua kuwa keloidi, mwambie kabla hajashika kifaa. Na vipya vitaota kwingine baadaye. Tiba huondoa vilivyopo, haizuii vijavyo.

Shangazi hatimaye alikwenda. Daktari alikitazama kwa lenzi yake, akauliza kuhusu alama ya kitunguu saumu bila kucheka, akakikwangua kwa dakika chache. Kipande kilikwenda maabara, majibu yakaja: keratosisi. Alama iliyobaki ni kijidoa chepesi unachokiona tu ukiambiwa kilipo. Mgongoni ana vingine zaidi ya kumi. Nilimuuliza kama atarudi kuvitoa.

"Vya nini, mwanangu? Mimi sivioni, na havijanikwaza."