CD ilizaliwa dijitali jamani

Kuna sentensi nimeisikia mara nyingi mpaka nimechoka: "wikiendi hii nageuza CD zangu ziwe dijitali." Ndugu yangu, CD ni dijitali tangu ilipoingia sokoni 1982. Unachofanya wewe kinaitwa kuripu, yaani kompyuta inasoma namba zilizoko kwenye diski inaziandika kama faili. Maana yake ndo hiyo, imeisha.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Dijitali asili yake ni Kilatini, digitus, kidole, maana watu walihesabia vidole, na kutoka hapo Waingereza wakaziita namba 0 mpaka 9 dijiti. Kwa hiyo kitu cha dijitali ni kitu kilichoandikwa kwa namba, basi, iwe kiko kwenye simu au kwenye diski inayong'aa mkononi mwako, ila watu siku hizi wanadhani dijitali maana yake ni kisichoshikika. Kwenye CD sauti imepimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, kushoto na kulia, halafu hizo namba zikawa vishimo vidogo mno ambavyo leza inavipitia. Mle ndani ni hesabu tupu.

Santuri sasa, ile kweli unaidijitisha. Mfereji wenyewe umejikunja kufuata sauti, sindano inatikisika, umeme unapanda na kushuka, na lazima uwe na kifaa cha kuupima huo umeme ugeuke namba. Na utasubiri! Upande wa dakika 20 unakula dakika 20, huku unaomba mtu asipite na kishindo karibu na meza. CD nzima inaripiwa dakika chache tu.

Mwingine atauliza si useme kukopi tu. Hapana, na hili nimejifunza kwa aibu. Niliburuta nyimbo zote za CD moja nikazitupa kwenye folda, zikaisha ndani ya sekunde moja, nikasema kumbe kompyuta yangu iko fasta hivi. Nikatoa diski, nikabonyeza, kimya. Kucheki saizi, kila faili baiti 44, wakati wimbo wa dakika tano kwenye CD ni kama megabaiti 50! Zile .cda Windows inazokuonyesha sio muziki, ni kibandiko tu cha kusema wimbo namba fulani unaanzia wapi na una urefu gani. CD ya muziki haina faili za kukopi, ndo maana unahitaji programu ya kuzinyofoa hizo namba, na rip kwa Kiingereza ni kuchana au kunyofoa kabisa.

Ukishanyofoa, faili ya aina ya FLAC inabana bila kutupa namba hata moja, ya MP3 inatupa zile inazodhani sikio halitagundua. Na kugeuza MP3 kuwa FLAC hakurudishi kilichotupwa, ila hiyo hasira naiwekea siku nyingine.

Basi ukiniambia unaripu CD nitakuelewa, ukisema unazihamishia kwenye kompyuta pia poa kabisa. Hilo la kuzifanya dijitali litunze kidogo, ukifika kwenye zile kaseti za zamani utalihitaji.