Pakiti ya Barafu Inayotumika Tena: Jua Inayeyuka Katika Nyuzi Joto Ngapi Kabla ya Kuinunua

Malalamiko yanayotufikia sisi tunaopokea na kutoa dawa, kuhusu dawa zilizoharibika njiani yameongezeka, na mengi yanafanana. Mgonjwa au ndugu yake analeta insulini iliyoganda, huku akiwa na uhakika kwamba aliitunza vizuri kwa kuwa aliizungushia pakiti za barafu kila upande. Hatuwaoni watu hawa kuwa wazembe. Walitafuta pakiti yenye baridi kali kuliko zote, wakaigandisha usiku kucha na kuilaza juu ya dawa moja kwa moja kutoka kwenye friza, na hapo ndipo dawa ilipoharibika. Pakiti inayofaa ni ile inayoyeyuka katika nyuzi joto zinazokubaliana na kitu unachokihifadhi, na baridi inayozidi hapo ni hasara.

Pakiti hufanya kazi kwa kuyeyuka. Kilo moja ya barafu iliyofikia nyuzi joto sifuri hufyonza takribani kilojuli 334 za joto hadi iyeyuke yote, na muda wote huo hubaki kwenye sifuri. Maji hayo hayo yakishayeyuka, kuyapandisha kutoka sifuri hadi nyuzi 8 huhitaji kilojuli 33 na ushei tu, yaani sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana pakiti ambayo bado ina barafu ndani yake hulinda kwa saa nyingi, ilhali iliyokwisha kuyeyuka hupoteza nguvu upesi hata kama kwa nje bado ni baridi ukiishika.

Kutokana na hesabu hiyo, madai kwamba pakiti ya jeli ina baridi zaidi ya pakiti ya maji hayana msingi. Jeli nyingi ni maji yaliyochanganywa na kitu cha kuyafanya mazito, na faida yake ni kwamba haimwagiki ovyo pakiti inapotoboka na hujikunja kufuata umbo la kitu. Pakiti ngumu ya plastiki iliyojazwa maji safi ya bomba, ya aina inayotumiwa kubebea chanjo, inafanya kazi sawasawa nayo. Tumeeleza mara nyingi, na nalazimika kurudia, kwamba maji ya pakiti hizo hayatiwi chumvi. Maji yenye chumvi ya asilimia 23 hivi huganda na kuyeyuka kwenye nyuzi 21 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya nyumbani, inayofikia nyuzi 18 chini ya sifuri, haiwezi kuyagandisha, na pakiti ya namna hiyo, ikiwa bado na baridi ya friza, ikiwekwa karibu na dawa huweza kuigandisha.

Unapotafuta pakiti, soma kwanza maelezo ya mtengenezaji kuhusu kiwango cha kuyeyuka. Zipo zinazoyeyuka kwenye nyuzi joto 5 hivi, nazo ni salama zaidi kwa dawa zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, ingawa bei yake huwa kubwa. Zile zinazopoa papo hapo ukizibonyeza hazitumiki tena, kwa kuwa ubaridi wake hutokana na kemikali kuyeyuka ndani ya maji mara moja tu. Usinunue pakiti isiyotaja kilichomo, hasa kwenye nyumba yenye watoto, kwa sababu baadhi ya vimiminika vya kuzuia kuganda, kama etilini glikoli, vina ladha tamu na ni sumu kali. Kama ni ya kujaza mwenyewe, bakiza nafasi kidogo juu, maana maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9 na plastiki hupasuka kwenye mshono. Nunua seti mbili ili moja iwe inaganda wakati nyingine inatumika; kugandisha kikamilifu kunaweza kuchukua saa 24, na pakiti zilizorundikwa huchelewa kuliko zilizosimamishwa zikigusa ukuta wa friza.

Hatua inayorukwa na karibu kila mtu ni kuiacha pakiti itoke jasho. Pakiti iliyotoka sasa hivi kwenye friza ina baridi ya friza yenyewe, na kichupa kinachoigusa huganda. Iweke mezani. Mwanzoni inafunikwa na ukungu mweupe wa barafu, kisha ukungu unageuka kuwa matone. Itikise karibu na sikio: ukisikia maji yakicheza kuzunguka barafu, imefikia sifuri na iko tayari. Penye joto hatua hii huchukua nusu saa hadi saa moja, na penye ubaridi huweza kufika saa mbili. Hata hapo, weka kitambaa au kadibodi kati ya pakiti na dawa.

Insulini iliyoganda haitumiki, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Ndivyo ilivyo pia kwa chanjo zenye chumvi za alumini, kama za pepopunda na homa ya ini aina ya B. Anayerudisha dawa kwetu anatakiwa kuileta ndani ya kifungashio chake, namba ya toleo ikisomeka, pamoja na maelezo ya maandishi yanayoonyesha ilichukuliwa lini, ilibebwa kwenye nini na ilikaa muda gani. Dawa hutengwa, huwekewa alama ya kutotumika, huandikwa kwenye daftari la dawa zilizoharibika na kutiwa saini na watumishi wawili, kisha husubiri kuteketezwa. Haibadilishwi kwa nyingine bila cheti kipya cha daktari. Msafirishaji mwenye kibali anayefikisha mzigo bila kumbukumbu za joto za safari nzima, au ambaye kiashiria chake cha kuganda, yaani kifaa kidogo kinachokaa na mzigo na kuonyesha kama ulipata baridi ya kuugandisha, kimeonyesha kwamba mzigo ulikaa kwenye baridi inayozidi nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60, mzigo wake haupokelewi. Gharama za uteketezaji ni zake, na kibali chake hupitiwa upya. Maelezo ya mdomo kwamba safari ilikuwa fupi hayachukui nafasi ya kumbukumbu hizo, na tunaomba wahusika waache kuyatoa.

Kwa wasafiri wa ndege, viwanja vingi huhesabu pakiti iliyoanza kuyeyuka kuwa kimiminika, na ikizidi mililita 100 huweza kuzuiwa. Pakiti zinazolinda dawa kwa kawaida huruhusiwa, mradi uzitaje kabla ya ukaguzi na uonyeshe cheti au barua ya daktari yenye jina lililo kwenye pasipoti. Usiweke insulini kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege.

Chakula hakina masharti mazito kiasi hicho. Nyama, samaki na chakula kilichopikwa vikae chini ya nyuzi joto 5, na visiachwe nje zaidi ya saa mbili; hapa pakiti inaweza kutoka kwenye friza na kuwekwa moja kwa moja, na iwe juu ya chakula kwa sababu hewa baridi hushuka. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa salama hadi saa 24 kwenye kasha lenye pakiti zilizogandishwa, kasha lisipofunguliwa ovyo.

Pakiti iliyotoboka isikamuliwe kwenye sinki, kwa kuwa jeli nyingi huvimba zikikutana na maji na kuziba bomba. Ifungwe kwenye mfuko na kutupwa pamoja na taka ngumu, na chombo kilichoguswa na jeli kioshwe kwa sabuni kabla ya kuwekewa kitu kingine.