Titi Moja Limepanda, Jingine Limeshuka: Maswali na Majibu Baada ya Upasuaji wa Kuongeza Matiti

Wanawake waliofanyiwa upasuaji wa kuongeza matiti, wawe wamefanyiwa hapa nyumbani au wamesafiri hadi Istanbul au India, hurudi kliniki kwetu na malalamiko yanayofanana: kipandikizi hakikukaa mahali pake. Wengi wao hawana tatizo lolote zaidi ya uvimbe wa kawaida. Wachache wana tatizo la dharura, na hao ndio ambao mara nyingi huwa wamekwisha kukaa nyumbani siku kadhaa wakikandwa maji ya moto. Majibu haya yameandikwa hasa kwa ajili yao.

Kipandikizi huwekwa wapi, na hushikiliwa na nini?

Kipandikizi ni mfuko wa silikoni uliojazwa jeli ya silikoni au maji ya chumvi. Daktari bingwa hupasua sehemu ndogo, mara nyingi kwenye mkunjo ulio chini ya titi, akatengeneza nafasi juu au chini ya msuli wa kifua, kisha akakiingiza humo. Kwa kawaida hakishonewi kwenye mbavu. Kinachokishikilia ni ukubwa wa nafasi ile, nyama zinazokizunguka, na utando wa kovu ambao mwili huujenga wenyewe katika wiki zinazofuata.

Nina wiki 2 tangu upasuaji. Matiti yako juu, karibu na mtulinga, na yamekaza. Je, yamewekwa vibaya?

La. Msuli bado umekaza na unakisukuma kipandikizi juu, na uvimbe haujaisha. Hushuka polepole kati ya wiki 6 na miezi 3, na kwa wengine huchukua hata miezi 6. Kujipima kwa futi ya cherehani kila asubuhi hakuharakishi chochote.

Upande mmoja umeshuka, mwingine bado uko juu. Nifanye nini?

Ikiwa tofauti hiyo ilikuja kidogo kidogo, maumivu yanapungua siku hadi siku, na ngozi haina joto wala wekundu, subiri na uhudhurie kliniki kwa tarehe uliyopangiwa. Pande mbili za mwili haziponi kwa kasi moja. Tazama pia picha ulizopigwa kabla ya upasuaji: wengi hugundua kwamba matiti yao hayakuwahi kulingana tangu mwanzo, ila hawakuwa wakiyatazama kwa makini namna hii.

Basi titi moja likivimba ghafla nalo nisubiri likae sawa?

Hapana. Hapa ndipo tunapoomba tusikilizwe. Kushuka kwa kipandikizi ni jambo la wiki na miezi. Titi lililolala likiwa sawa na mwenzake likaamka likiwa kubwa kuliko mwenzake, gumu, ngozi inang'aa, michubuko inaenea na dawa ya maumivu haisaidii tena, halitafuti mahali pa kukaa. Linavuja damu ndani. Jambo hili hutokea zaidi katika siku 3 za kwanza, ingawa linaweza kuja baadaye, kwa mfano baada ya kunyanyua ndoo au kumbeba mtoto. Ukiwahi, daktari hufungua mshono, huondoa damu, huziba mshipa unaovuja, na mara nyingi hukirudisha kipandikizi kilekile. Ukichelewa, damu iliyoganda huwa makao ya vijidudu, na hata usipopata maambukizi, kovu linaloota baadaye laweza kuwa gumu na kulivuta titi upande.

Mama anashauri nikandwe maji ya moto kidogo kwanza, uvimbe ukikataa ndipo niende.

Hapana, tena hapana. Tunawaheshimu mama zetu, na tunafahamu kwamba wamekanda wazazi wengi kwa upendo. Hata hivyo, si jambo geni kukuta chupa ya chai imejaa maji ya moto na taulo imekunjwa juu yake pembeni mwa kitanda cha mgonjwa siku ya pili tu baada ya upasuaji. Joto hutanua mishipa ya damu, kwa hiyo mshipa uliokuwa ukivuja kidogo huvuja zaidi. Isitoshe, ngozi ya titi lililofanyiwa upasuaji huwa na ganzi kwa wiki au miezi. Mgonjwa hasikii kwamba anaungua, na taulo linapoondolewa ngozi imekwisha kutoa malengelenge, juu kabisa ya kipandikizi. Usikandwe kabla ya kuja, usikandwe njiani, na usikandwe ukirudi.

Lakini daktari wangu mwenyewe alinifundisha kuyasukuma matiti.

Fanya alivyokufundisha, kwa muda aliokupangia. Baadhi ya madaktari hufundisha mazoezi hayo kwa vipandikizi vya duara vyenye ngozi laini. Vyenye ngozi ya kukwaruza au umbo la tone havisukumwi, kwa kuwa vile vya umbo la tone vikizunguka humo ndani, titi hupotoka. Kwa hiyo usifuate alichofanya rafiki yako, wala alichoonyesha mtu fulani kwenye video.

Titi ni jekundu, lina joto, na mshono unatoa maji. Nimenunua antibiotiki duka la dawa. Nimalize dozi kwanza?

Usimalize dozi kwanza, njoo leo. Kipandikizi hakina mishipa ya damu, hivyo vijidudu vikikishikilia, dawa huvifikia kwa shida. Vidonge ulivyojichagulia huteremsha homa kwa siku mbili tatu, hukupa matumaini, na huweza kutuzuia kuotesha kijidudu maabara, huku usaha ukiongezeka. Ukiwahi, dawa za kuchomwa kwenye mshipa wakati mwingine hukiokoa kipandikizi. Ukichelewa, hutolewa, na utakaa miezi kadhaa na upande mmoja mtupu kabla ya kufikiriwa kuwekewa kingine.

Ukitaka kujua kama joto ni la kweli, weka mgongo wa mkono kwenye titi moja, kisha kwenye jingine, kiganja hudanganya. Chora pia kwa kalamu mpaka wa wekundu na uandike saa, ili daktari aone umeenea kiasi gani. Chora ukiwa unajiandaa kutoka, kwa sababu mstari huo si ruhusa ya kusubiri. Homa ya nyuzi 38 au zaidi haihitaji kalamu.

Daktari aliyenifanyia yuko nje ya nchi. Nilimtumia picha kwa WhatsApp, akasema ni uvimbe wa kawaida.

Picha haina joto, haina maumivu, na haibonyezeki. Nenda hospitali yoyote yenye huduma ya upasuaji, na useme waziwazi, "Nimewekewa vipandikizi." Tunapokea wanaosema wamejigonga mlango au wamepigwa teke na mtoto, na saa nzima hupotea tukitafuta jeraha ambalo halipo. (Na mhudumu anayemcheka mgonjwa wa namna hii ndiye anayefundisha wengine kudanganya.) Njoo na kadi uliyopewa, yenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba ya kipandikizi, usiiache kwenye sanduku la safari.

Nina miezi 8 tangu upasuaji. Nikilala chali vipandikizi vinakimbilia kwapani, na nikisimama chuchu zinatazama juu.

Kwenda pembeni kidogo ukilala ni kawaida, hata matiti ya asili hufanya hivyo. Lakini kipandikizi kikishuka chini ya mkunjo wa titi hadi chuchu ikatazama juu, hapo kweli kimehama. Mara nyingi nafasi iliyotengenezwa ilikuwa pana mno, au kipandikizi ni kizito kuliko nyama zinazokibeba, na hapa yafaa kusema kwamba wako wanaodai saizi kubwa ambayo daktari amekwisha kuikataa mara mbili, kisha wakamtafuta wa tatu. Si dharura, ila kujifunga leso au mkanda usiku hakutakirudisha. Husahihishwa kwa upasuaji, kwa kuipunguza nafasi kwa mshono, kubadilisha kipandikizi, au yote mawili.

Baada ya mwaka na nusu, titi moja limepanda na limekuwa gumu kama mpira.

Huenda utando wa kovu umejikaza ukakibana kipandikizi. Madaktari huupima ugumu huo kwa daraja 4; katika daraja la 3 umbo huanza kuharibika, na katika la 4 kuna maumivu pia. Zamani baadhi ya madaktari waliliminya titi kwa nguvu ili utando upasuke, na njia hiyo iliachwa kwa sababu kipandikizi chenyewe kilipasuka. Usikubali mtu yeyote akuminye.

Na titi lililokuwa salama kwa miaka likivimba ghafla?

Jibu ni lilelile: usisubiri, usikandwe. Baada ya miaka hakuna tena "kukaa sawa". Panahitajika kipimo cha ultrasaundi, na kama kuna maji yamekusanyika, yavutwe kwa sindano na yapelekwe maabara.

Wiki za mwanzo niishi vipi?

Lala chali kichwa kikiwa kimeinuliwa, vaa sidiria ya upasuaji isiyo na waya, usimbebe mtoto mgongoni, usinyanyue ndoo, na usimeze aspirini wala diklofenaki bila kumuuliza daktari wako, kwa kuwa huongeza kuvuja kwa damu.

Uvimbe wa ghafla ukinipata usiku wa manane, nisubiri kliniki ifunguliwe?

Usisubiri. Nenda idara ya dharura usiku huohuo, ukiwa na mtu wa kukusindikiza na kadi yako mkononi, na usile wala usinywe chochote njiani, hata chai, kwa sababu huenda ukaingizwa chumba cha upasuaji kabla ya alfajiri.