Reli ndani ya nyumba ya Lamu: yasemwayo na yalivyo

Kisiwa cha Lamu hakina reli. Kwa hiyo sahibu yangu alipoanza kujenga reli ndogo ya mfano ndani ya nyumba yake, mtaa mzima ulikuwa na la kusema. Jana nilikaa naye alasiri nzima, na naona mengi yasemwayo hayamtendei haki.

"Ni midoli ya watoto." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Fundi wa hapa akichonga jahazi la shubiri mbili tunamwita fundi. Kwa nini huyu aitwe mchezaji? Kila kitu chake kimepunguzwa mara 87, hata mtu wa mita 1.74 anabaki sentimita 2. Reli ya zamani iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901 ina upana wa mita moja, kwa hiyo hapa imekuwa milimita 12 hivi. SGR, reli mpya iliyo pana zaidi, ingetaka milimita 16.5. Juu yake inapita Garratt ya daraja la 59, mfano wa injini 34 za mvuke zilizoundwa na Beyer Peacock kule Manchester miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Tangi la maji mbele, mafuta nyuma, boila katikati. Niliinama hadi jicho likawa sawa na reli, nikaitazama ikiingia kwenye kona: pua ikapinda kwanza, tumbo likafuata, mkia mwisho. Ndiyo siri ya injini zile kupanda milima yenye kona nyingi.

"Inataka ukumbi." Chumba chake ni cha kale, kirefu na chembamba, hakifiki mita 3 kwa upana, kwa kuwa urefu wa boriti za mikoko ndio uliokuwa ukiamua upana wa vyumba vya Lamu. Reli nayo ni kitu kirefu chembamba. Imelala kando ya ukuta kana kwamba chumba kilijengwa kwa ajili yake, na mabehewa yasiyo na safari yamepangwa kwenye zidaka.

"Ina betri tumboni." Hii haina. Umeme wa volti 12 hupita kwenye reli zenyewe, magurudumu yakaupokea, basi uchafu kidogo tu huikata safari. Ilisimama juu ya daraja mbele yangu. Akatia spiriti kwenye kitambaa cha pamba, akapangusa reli taratibu. Kitambaa kikatoka na mistari miwili myeusi, treni ikaondoka.

"Reli zake ni za fedha." Zinang'aa, ila ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Fedha hamna.

Nilipoaga alikuwa anachekecha vumbi la mbao alilopewa na fundi wa milango. Atalitia rangi liwe nyasi za nyika ya Taru, na rangi aliyochagua ni ya nyasi zilizokauka, kama zilivyo kule wakati wa kiangazi.