Urefu na bei katika riwaya taswira

Riwaya taswira ni mchezo wa kompyuta ambao kazi kubwa ya mchezaji ni kusoma: maandishi hupita juu ya picha za wahusika na mandhari, yakisindikizwa na muziki na mara nyingi sauti za waigizaji, na hapa na pale msomaji huchagua jambo linalogeuza mkondo wa hadithi. Urefu wake hupimwa kwa saa za kusoma. Hifadhidata ya VNDB, inayotegemewa na wapenzi wengi wa michezo hii, huita fupi sana kazi isiyofikisha saa 2 na ndefu sana ile inayozidi saa 50. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, kwa kuwa kuna anayemsubiri kila mwigizaji amalize sentensi yake na kuna anayemkatiza, na anayefuata njia za wahusika wote, yaani matawi ya hadithi ambayo kila moja humhusu mhusika mmoja, hutumia muda mwingi kuliko anayeridhika na mwisho mmoja.

Bei haipandi sambamba na saa hizo. Mwaka 2004 kampuni ya Key ya Japani ilitoa Clannad, inayochukua makumi ya saa, na planetarian, hadithi isiyo na machaguo ambayo husomeka yote kwa siku moja. Zilipoingia kwa Kiingereza katika duka la mtandaoni la Steam, planetarian mwaka 2014 iliuzwa dola 9.99, na Clannad mwaka 2015 dola 49.99. Ukigawanya bei kwa saa, ile fupi ndiyo ghali zaidi, lakini aliyeinunua hakupunjwa. Hata kazi fupi huhitaji mchoraji, mtunzi wa muziki na mtaalamu wa programu, na gharama hizo haziongezeki maradufu kila hadithi inaporefuka, kwa sababu mandhari na sura zilezile hutumika tena na tena. Kinachoongezeka hasa ni maandishi, kurekodi sauti na tafsiri, na ndiyo maana kutafsiri kazi ndefu ya Kijapani ni mzigo mzito kwa mchapishaji mwenye wanunuzi wachache. Kwa upande mwingine, Katawa Shoujo ya mwaka 2012, yenye njia tano za wahusika na saa nyingi za kusoma, hutolewa bure kabisa, kwa kuwa iliundwa na watu waliojitolea.

Hata hivyo, wanunuzi wengi huendelea kugawanya bei kwa saa, na Steam yenyewe huwarejeshea fedha wanaoomba ndani ya siku 14 iwapo wamecheza kwa muda usiofikia saa 2. Kwa mchezo wa kawaida huo ni ulinzi wa haki, lakini hadithi ya dakika 90 inaweza kusomwa hadi mwisho kisha ikarudishwa. Mwandishi wa kazi fupi hujikuta akivutwa kuongeza mazungumzo yasiyosogeza kisa ili tu avuke mpaka huo, na naona hiyo ni hasara kwake na kwa msomaji wake, kwani saa zilizoongezwa kwa namna hiyo huhesabiwa katika urefu ilhali hakuna hadithi ndani yake.